Mashine Inayozilaza Nyasi

Kahawa ninayouza mimi haileweshi, lakini ukikaa kwenye benchi langu asubuhi moja tu utaanza kuwa na mashaka. Leo mada ilikuwa mashine ya kukata nyasi ya jirani yetu Mpole. Mkewe alianguka, akapasuliwa mguu, na leo daktari amemruhusu kurudi nyumbani. Atatembea kwa magongo, na ua wao una mashimo yaliyofichwa na nyasi zinazofika magotini. Mpole alitaka zikatwe kabla mkewe hajaingia. Alisukuma mashine tangu alfajiri mpaka shati likamganda mgongoni, kisha akaikokota hadi benchini. Hapo walikuwepo Spana, fundi baiskeli, na Profesa, ambaye ni kinyozi ila husoma magazeti yote ya wateja.

— Inanguruma vizuri tu, alisema Mpole. Ikipita, nyasi zinalala. Nikigeuka nyuma, zimesimama tena.

— Kisu umekifunga juu chini, alisema Spana.

— Nimeshakigeuza.

— Basi kirudishe.

— Nimekirudisha pia.

Spana akainama, akakipapasa kwa kidole.

— Butu hiki. Aliyekinoa hajui kazi.

— Ulikinoa wewe, jana.

Spana akaomba kikombe kingine. Profesa alikuwa anaisubiri nafasi hiyo.

— Tatizo si kisu. Mashine hizi zinatengenezewa nyasi za nchi za baridi. Za kule hazina ubishi, ukiwasha tu zinakubali yaishe. Zako wewe zimekulia shida.

— Halafu mlio, akadakia Spana. Nyasi zinausikia, zinainama mapema. Ungekuwa wewe ungesimama?

— Nyasi hazina masikio, Spana, alisema Profesa.

— Na mizizi je? Unadhani kazi yake ni kunywa maji tu?

Profesa akakubali, tena akatia chumvi. Akasema za mlangoni zikisikia mlio zinapeleka habari kwa za uani.

— Zishtukize, akashauri. Sukuma ikiwa imezimwa, ukifika katikati ndiyo uwashe.

— Tena kinyumenyume, akaongeza Spana. Zisikuone uso.

Nilikuwa karibu kuwafukuza wote wawili. Lakini Mpole alikuwa anawasikiliza kwa makini kabisa, na hapo nikamwonea huruma.

— Jamani, mimi sina ugomvi na nyasi, alisema. Nataka mwenzangu aone anapokanyaga. Akianguka tena sitajisamehe.

Nikamwongezea kahawa bila kumuuliza. Kabla hajainywa, akatokea mama mkwe wake, amebeba kapu, anahema. Tukasimama sote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Nimepiga hodi pale nyumbani mpaka nimechoka. Binti yangu hajafika?

— Bado mama, alijibu Mpole. Ndiyo tunamsubiri, tunahangaika na hizi nyasi.

Mama akaitazama mashine, akatutazama na sisi, mmoja mmoja.

— Nani kaenda kumchukua?

Mpole akamgeukia Spana. Spana akamgeukia Profesa. Profesa akanigeukia mimi, na mimi sikuwa na wa kumgeukia. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na hospitalini wagonjwa hupewa ruhusa asubuhi.