Katoni Thelathini za Mama Scola

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Scola Ruhaza anakabidhi funguo za stoo ya mvinyo baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hoteli yetu ya kando ya ziwa. Kwa miaka ishirini na mmoja kati ya hiyo, alikuwa mtumishi pekee aliyeruhusiwa kunywa kazini. Wengine tulijaribu, tukapewa barua.

Mama Scola, mzaliwa wa Mwandiga, aliajiriwa mwaka 1993 kufua mashuka. Mwaka 2004 mtunza stoo alipoacha kazi, meneja wetu, Bwana Nikodemu, alimkumbuka. Mama Scola alikua akiuza mawese na mama yake sokoni Mwanga, na alikuwa akinusa dumu tu anakwambia mafuta yamekaa muda gani. Kwa sifa hiyo akashushwa stoo ya chini.

Kila mwaka mvinyo hutufikia kwa treni kutoka Dodoma, na lazima mtu aamue katoni ngapi zinywewe sasa na ngapi zilazwe stoo zizeeke. Mwaka wa kawaida hauna ugomvi. Mwaka mzuri ndio hutugombanisha.

Mvinyo wa 2013 ulisifiwa na kila aliyeuonja. Bwana Nikodemu, aliyekuwa ameambiwa na mgeni mmoja kwamba mvinyo ukizeeka ndio unapanda cheo, akaagiza zilazwe katoni hamsini.

"Bosi, huu ni mwepesi," Mama Scola alimwambia. "Ni mzuri leo. Tuunywe leo."

Zikalazwa hamsini. Miaka mitatu baadaye tukawa na siki ya kutosha mkoa mzima. Mpishi wetu, Elikana, aliitia kwenye kachumbari, kwenye samaki wa migebuka, na tunashuku hata kwenye supu.

Kwa hiyo ulipofika mvinyo wa 2017, mzito, mweusi, ambao Mama Scola aliuonja, akakaa chini, akauonja tena, Bwana Nikodemu hakutaka kulaza hata chupa moja. Mama Scola akaomba katoni thelathini. Akakataliwa. Akaandika barua kwa mkono wake: ukiharibika, nifukuzeni. Hapo akakubaliwa, kwa haraka iliyotutia wasiwasi.

Kila Juni alifungua chupa moja mbele ya bosi. Mwaka wa kwanza mvinyo ulikaza ulimi kama ndizi mbichi. Mwaka wa pili vilevile, na Bwana Nikodemu akaulizia ile barua iko faili gani. Mama Scola alituambia baadaye kwamba wiki ile hakula vizuri. Alikuwa na watoto wawili chuoni. Mwaka wa tatu, 2020, ziwa lilijaa likafika mlangoni mwa stoo. Bosi akaamuru yaokolewe kwanza makochi ya mapokezi. Mama Scola akajifunga kitenge, akaingia majini, akaanza kubeba katoni. Tuliona aibu, tukamfuata. Makochi yalilowa.

Juni 2021 alifungua chupa nyingine. Bwana Nikodemu akanywa, akasogeza glasi iongezwe.

"Tulilaza ngapi?" akauliza.

"Thelathini, bosi."

"Sasa kwa nini hukulaza sitini?"

Mama Scola alicheka mpaka akashika ukuta. Barua yake akaichana mwenyewe, bila kuomba ruhusa.

Tusimfanye malaika. Mvinyo wa 2019 aliulaza katoni kumi kwa kujiamini kabisa, na ulifaa kulowekea samaki tu. Alikiri siku hiyohiyo, jambo ambalo uongozi bado unajifunza.

Wiki iliyopita Bwana Nikodemu alimwomba aache maandishi ya kuonyesha ni katoni ngapi zilazwe kila mwaka. Alimjibu kwa adabu zote: "Onjeni, bosi. Halafu mbishane."

Mama Scola, asante kwa pua yako, kwa ubishi wako, na kwa kutuvumilia. Nenda ukapumzike Mwandiga, uamke saa unayotaka, ule unachotaka. Tunakuombea afya na miaka mingi, yote ya kunywewa sasa hivi.