Kapteni Muthoki Amekwama Kaloleni

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Kaloleni, mbele ya duka la Hanif, kwenye benchi lililoinama upande mmoja, hivi kwamba anayechelewa huketi mteremkoni. Hanif tunamwita Bei ya Jana, maana ukilalamika sukari imepanda, anakuuliza kwa nini hukuja jana. Ndiye pia mwenye birika la kahawa. Wathome, dereva wa lori, ni Moshi. Kimeu, mchonga vinyago, ni Msasa. Mimi Kimanzi wananiita Rubani, na ndege nazijua kwa sauti tu. Natunga hadithi za watoto wa mitaa yetu wanaorusha vyombo angani, nachapisha kwa mfuko wangu, nauza kutoka kwenye begi. Wachapishaji wakubwa walinishauri niandike kuhusu sungura. Kijiwe kikaniambia, soma tusikie! Tangu hapo ndiyo sheria: kila sura inasomwa benchini. Kahawa ikipoa mikononi mwao, sura imepita. Wakimaliza vikombe, nairarua. Asubuhi hiyo nilisoma kitabu cha tatu hadi pale chombo cha Kapteni Muthoki, msichana wa miaka kumi na miwili, kinapovutwa na shimo jeusi. Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia, na mwenye mashine ya uchapaji mjini alinitaka alasiri hiyo hiyo. Nikikosa, zamu yangu inaenda kwa kalenda za kanisa, na watoto wanafunga shule bila kitabu.

Moshi: Haya, anatokaje?

Mimi: Ndiyo nawauliza nyinyi.

Bei ya Jana: Ala! Mwandishi ni nani hapa?

Mimi: Na aliyesema nimtumbukize shimoni ni nani?

Moshi: Tulieni bana. Hiyo ni kazi ya dereva. Atie gia ya kwanza, aachane na breki. Mteremko ni mteremko, hata wa nyota. Mwenda pole hajikwai!

Msasa: Anavutwa kwa kasi ya mwanga, wewe unamwambia aende pole?

Moshi: Kwani methali imefungwa spidi gavana kama lori?

Msasa: Shida ni uzito, buda. Nilipokuchongea kile chombo cha jalada nilitumia jakaranda, mti mwepesi. Huyu mtoto amepewa chuma! Wakikunje upya, wakipunguze tumbo. Samaki mkunje angali mbichi.

Moshi: Chuma kibichi umekiona wapi?

Msasa: Basi wakikunje kikiwa moto. Umeridhika?

Bei ya Jana: Nyinyi hamjui biashara. Shimo linameza kwa sababu lina njaa. Haba na haba hujaza kibaba. Lijazwe! Kokoto, mabaki ya matairi ya washona viatu wa Kariokor, kila kitu ndani!

Moshi: Kokoto itafika huko na nini?

Bei ya Jana: Si wewe una lori?

Moshi akafikiri kweli kweli, mkono kidevuni.

Moshi: Safari moja haitatosha.

Msasa: Na mkandarasi ataziba juu juu. Mvua moja tu, shimo limerudi.

Bei ya Jana: Basi asitoke! Azame kabisa! Nimesikia ndani humo wakati unarudi nyuma. Mnajua maana yake? Huko ndiko bei ya jana iliko! Sukari, unga, mafuta! Nafungua tawi!

Nikachungulia vikombe. Vyote vikavu.

Ningewakasirikia, lakini ningeanzia wapi? Hanif amepanga vitabu vyangu kati ya mkate na sabuni, na hataki hata shukrani. Wathome alivibeba hadi Machakos juu ya mifuko ya saruji. Kila mtoto aliyewahi kunisoma, benchi hili ndilo lililomfikia kwanza. Nikamwomba Hanif atie kahawa tena.

Hapo mwanamke mmoja mwenye kikapu akasimama mbele yetu.

— Hamjambo wazee. Nimeelekezwa kwa Rubani.

— Ni mimi, mama. Karibu.

— Naitwa Mbeti, mama Teresiah, wa Makongeni. Msichana wangu kitabu na yeye walikuwa maadui. Hivi vyako viwili amevisoma mpaka majalada yameng'oka. Nimekuja kukuambia asante.

Nikamsogezea nafasi upande wa benchi usioinama.

— Kisha kuna kitu kidogo, akasema Mbeti. Jana alinisomea nikipika. Huyu Muthoki ameondoka nyumbani tangu kitabu cha kwanza. Mama yake anajua ako wapi?

Bei ya Jana akaanza, "Uchungu wa mwana..." akakwama hapo hapo.

Msasa: Rubani?

Mimi: Sijui.

Sayari tisa nimezunguka na yule mtoto. Mama yake sikumwandikia hata sentensi moja.

Moshi akainuka polepole, akatoa simu, akatugeuzia mgongo.

— Haloo, mami? Hapana, hakuna kibaya. Ndiyo, nimekula. Hapana mami, siko mbali.

Nikachomoa penseli nyuma ya sikio la Msasa, nikapindua karatasi ya mwisho. Muthoki akawasha redio ya chombo. "Haloo, mami? Siko mbali." Nikaandika nilichoamini mama angejibu: "Rudi nyumbani. Sasa hivi." Kisha nikaendelea, na chombo kikaanza kugeuka.

Nilipowasomea, kahawa ilipoa vikombeni, na Mbeti akafuta macho kwa pindo la leso. Bei ya Jana peke yake ndiye aliyekuwa na pingamizi.

Bei ya Jana: Ngoja, ngoja. Na shimo je?

Msasa: Wewe Hanif, utotoni mama yako akikuita nyumbani, ulikuwa unamwambia kuna shimo?