Taa za Mchana

Barabara ya kutoka Soni inapoingia Lushoto, kuna kibaraza cha fundi cherehani aliyehamia Korogwe akaacha kibao chake ukutani. Hapo ndipo Mwanaheri anapouza kahawa. Benchi lake lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo wa mwisho akiinuka ghafla wenzake wote hushika vikombe. Jiko la mkaa lipo, dele la kahawa lipo, kashata zipo chini ya kitambaa, na mwezi wa saba ukungu nao huingia kibarazani bila hodi na kukaa kama mteja. Wenye kijiwe ni watatu. Mzee Fanueli, dereva mstaafu wa hospitali ya misheni, anaitwa Mzee Taa. Stephano, aliyeshusha kabichi kwa lori mpaka mgongo ukamkatalia, anaitwa Breki, maana hadithi zake zote zina breki zilizokatika. Lucian ni fundi redio na anaitwa Redio, ila si kwa sababu ya kazi. Ni kwa sababu ya mdomo. Mchana huo walikuwa wakipiga soga kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na kila mmoja alijua ni kwa nini.

Walikuwa wanamsaidia Fanueli kungoja. Mkewe, Efrazia, alikuwa anarudi kutoka Moshi alikofanyiwa operesheni ya jicho. Basi lilimshusha Mombo, na Jesca, mjukuu wao, ameteremka asubuhi kumpokea na Volvo ya babu. Leseni Jesca anayo, lakini aliipatia Tanga kwenye barabara zilizonyooka. Zile kona hajawahi kuzipanda bila Fanueli kukaa pembeni. Safari hii Fanueli hakuweza kuendesha wala kukaa pembeni. Tangu alipopata kiharusi daktari amemkataza safari, na mguu wa kulia, ule wa breki, umegoma. Jesca alipiga simu akasema, “Babu, tumeanza kupanda.” Kisha ikanyesha. Kisha simu ikawa haipatikani. Kisha magari ya kutoka chini yakaacha kupita.

Fanueli alikuwa ameshika kikombe kilichopoa. Hakuwa anakunywa. Alikuwa anasikiliza barabara.

— Mimi nasema hivi, alianza Redio. Gari lile haliwezi kumdhuru mtu. Nimesoma kwenye simu. Kampuni yenyewe ilianza mwaka ishirini na saba, na waanzilishi wakasema gari linaendeshwa na binadamu, kwa hiyo usalama kwanza. Kabla ya urembo, kabla ya mbio.

— Urembo wameusahau kweli, alisema Breki. Gari lina kona nne kama kabati la sakristia.

— Na jina lake, unajua maana yake? Ni Kilatini. Volvo, maana yake “naviringika”.

Barabara ya Soni ina korongo upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

— Redio, alisema Mwanaheri taratibu, hebu punguza sauti.

— Naviringika kama tairi, mama. Kama tairi linavyokwenda. Sikuwa na maana ya...

— Tumekuelewa. Kula kashata.

Fanueli alitabasamu kidogo ili wasijisikie vibaya. Maana ya jina lile aliijua zamani. Sista Birgitta, muuguzi wa Kiswidi ambaye Fanueli alikuwa akimwendesha vijijini kwenda kuchanja watoto, ndiye aliyemwambia, na walicheka pamoja wakiwa wamekwama kwenye tope la Bungu. Sista alipostaafu akarudi kwao, aliwaachia Fanueli na Efrazia lile gari, akalia akiwa ameegemea boneti. Fanueli hakuwahi kuona Mzungu akililia gari. Baadaye alielewa kwamba si gari alilokuwa analililia.

— Na ule mkanda, Redio aliendelea, maana akizimwa huku huwaka kule. Huu wa kupita begani na kiunoni, unaouona kwenye magari yote duniani, mhandisi wao ndiye aliyeubuni. Mwaka hamsini na tisa. Halafu wakawaambia wenzao, chukueni, tumieni, bure.

— Bure? Hiyo kamba sasa, uongo mtupu, alisema Breki. Nani anabuni kitu halafu anagawa bure?

— Imeandikwa.

— Basi kuna siri. Mimi nawaambia, chuma cha gari lile si chuma cha kawaida. Kule kwao kuna mnyama mkubwa kuliko ngamia, ana mapembe kama matawi, anavuka barabara anapotaka. Wakiunda gari wanamwita yule mnyama aligonge. Likibonyea, wanaanza upya.

— Mnyama anaitwaje?

— Ana jina la kwao. Nilishawahi kubeba kabichi na mtu aliyelijua.

Mwanaheri aliweka dele juu ya jiko. Yeye ni mtu wa swala tano, lakini mambo ya misheni anayajua, maana nusu ya wateja wake ni waimba kwaya.

— Wala si chuma, alisema. Gari lile ni Mlutheri. Limebeba wachungaji, limebeba wagonjwa, limebeba mpaka kinanda. Hamjaona linavyotembea? Polepole kama linaingia ibadani. Kitu kilichoombewa hivyo kitaangukaje?

— Mama, pale kona ya pili kutoka Soni, mimi kwa macho yangu, alisema Breki, nimeona Volvo imeingia kwenye maporomoko ya maji juu ikatokea chini, injini inanguruma, na dereva anauliza njia ya Mombo.

— Breki zilikatika? aliuliza Redio.

— Za kwangu. Ndiyo maana nilikuwa pale.

Walicheka. Fanueli alicheka pia, lakini sikio lake halikuondoka barabarani. Alisikia pikipiki ikishuka kwenda sokoni. Alisikia mbuzi. Hakusikia alichokuwa anakitaka.

— Mzee Taa, sema wewe, alisema Redio. Mwenye mali umenyamaza, sisi tunaongea.

Fanueli alisafisha koo.

— Mimi nina moja tu. Lori la Fuso lilitubana ubavuni pale chini ya Soni, likatutia mtaroni, mimi na mama Efrazia. Nikafumba macho, nikasema nimemuua mke wangu. Kufumbua, yumo, amefungwa vizuri, kitambaa cha kichwa hakijasogea. Ananiangalia kwa hasira. Ananiambia, “Mayai yangu yote.”

— Mayai?

— Alikuwa na trei la mayai miguuni. Alininunia mpaka Jumapili kwa sababu ya mayai. Na mimi kila nikimwona amenuna nilikuwa nafurahi.

Mwanaheri alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

— Ule mkanda, alisema Fanueli, yeye haujui kwa jina hilo. Anauita mbeleko. Tangu siku ya kwanza Sista alipomfunga, alisema hii ni mbeleko, gari limetubeba mgongoni. Mtu akipanda pale nyuma anamwambia, mwanangu, mbeleko kwanza.

Aliposema hivyo aliangalia kikombe chake. Breki akaona, akakimbilia mzaha, maana ndiyo dawa pekee aliyonayo.

— Lakini taa zile, Fanueli, mtatuua nazo. Mnakumbuka mwaka ule wa kwanza? Huyu anapita Soni saa sita mchana, taa zinawaka mbele. Watu wote wanasimama. Wanaume wanavua kofia, akina mama wanatua mizigo. Wanajua ni msiba, gari limebeba maiti. Kumbe lina chanjo za surua.

Ni kweli tupu. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye giza. Ukiwasha injini taa nazo zinawaka, na hakuna pa kuzizimia. Milimani huku taa za mchana ni za msiba, au ni za msahaulifu. Watu wa Soni wakizoea, wageni wanabaki kushangaa. Miaka yote hiyo kila dereva aliyekutana na Fanueli alimtolea mkono dirishani, akafumba na kufumbua vidole: umesahau taa. Na Fanueli, ambaye hajasahau kitu, alimwinulia mkono kushukuru. Jesca alipokuwa anajifunza alimuuliza kwa nini hawaelezi watu. Fanueli akamwambia, “Anayekukumbusha taa anakutakia ufike. Usibishane naye. Inua mkono, shukuru, endelea.”

Ndipo ilipokuja pikipiki. Ilitokea upande wa Soni, imejaa tope mpaka kwenye kioo, na aliyeshuka alikuwa kijana mgeni, amelowa, meno yanagongana.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Kaa motoni, alisema Mwanaheri. Watokea wapi?

— Mombo. Naitwa Brian. Sijawahi kuja huku, na sidhani kama narudi. Mawe yameporomoka njiani. Malori yamesimama, mabasi yamesimama, wanasukuma mawe kwa mikono. Mimi nimepenya na hii pikipiki.

Fanueli alimwaga kahawa kwenye goti bila kuiona. Alikuwa na swali moja tu na hakuthubutu kulitoa mdomoni, kwa hiyo Breki alimsaidia.

— Kuna aliyeumia?

Brian alipokea kikombe kwa mikono miwili.

— Sikuona mtu aliyeumia. Ila kuna msiba. Gari la maiti lilikuwa la kwanza kwenye foleni, taa zinawaka mchana huu. Nikavua helmeti, nikapita taratibu. Hata watu waliokuwa wanasukuma mawe walisimama kidogo.

Mwanaheri alijishika mdomo. Walikuwa wamecheka habari ya taa zile dakika chache tu zilizopita, lakini hofu huwa haikumbuki kitu. Walisikia maiti wakaona maiti. Fanueli ndiye aliyegeuka. Aligeuka mwili mzima, kama anavyogeuka tangu augue.

— Gari la namna gani?

— La kizamani, mzee. Refu, bluu, lina kona kona. Nikasema kweli hili ni la kubebea jeneza.

— Taa zote mbili zinawaka?

— Zote mbili.

— Na injini inanguruma?

— Inanguruma, mzee. Anaendesha binti, ametulia kabisa. Pembeni kuna bibi ana bandeji jichoni. Huyo bibi ndiye aliyenishangaza. Mimi nimeinamisha kichwa nimpe pole, yeye anafungua kioo ananiuliza, “Mwanangu, mbeleko yako iko wapi?” Nikasema huyu msiba umemchanganya.

Fanueli aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Breki alisogea akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Mwanaheri alikuwa analia waziwazi huku akiongeza kahawa kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekuwa anakinywea.

— Nimesema vibaya? aliuliza Brian.

— Umesema vizuri, mwanangu, alisema Fanueli kutoka ndani ya viganja. Hujui ulivyosema vizuri.

Ikabidi Redio amweleze, na Redio akieleza huanzia Uswidi. Akampa mwaka ishirini na saba, akampa mkanda uliogawiwa bure, Breki akaongezea mnyama mwenye mapembe, Mwanaheri akaongezea kinanda na wachungaji. Brian alisikiliza yote, macho yanahama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Walipomaliza alifikiri kidogo, kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

— Sasa wazee, kama gari lenyewe haliwezi kumdhuru mtu, mlikuwa mnaogopa nini?

Redio alichukua kashata nyingine. Breki alitazama viatu vyake. Mwanaheri aliinua dele, akalitikisa, na lilikuwa tupu. Akalirudisha juu ya jiko hivyo hivyo tupu, apate cha kufanya. Fanueli alitafuta jibu ndani yake akakuta sura mbili tu, ya mama mwenye hasira ya mayai na ya mtoto aliyejifunzia gia kwenye paja lake. Hilo huwezi kumweleza mgeni aliyelowa.

Wakakaa hivyo mpaka ukungu wa chini ulipoanza kuwa na weupe mwingine ndani yake. Kwanza ilionekana taa moja, kisha mbili, zinapanda polepole kama zinaingia ibadani.

Breki alisimama akavua kofia. Alisema ni mazoea tu. Redio akasimama, Mwanaheri akasimama, Brian naye akasimama ameshika helmeti kifuani ingawa sasa alijua ukweli. Benchi likayumba. Fanueli alishika fimbo, akajiinua mwenyewe, akaenda mpaka ukingo wa kibaraza.

Volvo ilisimama mbele yake. Jesca alikuwa ameng'ang'ania usukani, uso umechoka, tope mpaka kwenye viwiko. Pembeni yake Efrazia, jicho moja limefungwa na jingine linamtafuta mumewe.

— Shikamoo babu, alisema Jesca, sauti ndogo.

Fanueli alitaka kuitikia. Alitaka kusema mengi, tangu asubuhi alikuwa anayapanga. Badala yake akainua mkono wake mzima mbele ya taa zile, akafumba vidole, akafumbua. Akafumba tena, akafumbua.

Jesca alimtazama. Kisha akaachia usukani, akainua mkono kushukuru.