Bi. Candida wa Dirisha la Tatu na Miaka Tisa ya Mzee Idrisa

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Mapokezi inawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2025 mto wa kiti cha Dirisha la Tatu hautakuwepo tena. Mto huo wa kitenge, ambao wengi wetu tumewahi kuukalia kwa siri mwenyewe akienda kunywa chai, unaondoka pamoja na mwenye mali, Bi. Candida Tesha, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi katika hospitali yetu hapa Kariakoo.

Bi. Candida, jina linalotumiwa na kompyuta ya mishahara peke yake, aliajiriwa mwaka 1991 akitokea Kibosho, akapangiwa masjala. Mama Allan, kama tunavyomjua sisi, alikuta mafaili yamepangwa kwa utaratibu alioujua mtu mmoja tu, na mtu huyo alishahama. Aliyapanga upya kwa miezi saba. Kuna faili la mgonjwa mmoja wa Upanga ambalo hadi leo analitafuta.

Lilipofunguliwa Dirisha la Tatu, la wazee, ambako mtu wa miaka sitini na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bila malipo, alitakiwa mtu asiyechoka kuulizwa jambo moja mara nne. Kikao cha kumchagua kilichukua dakika mbili. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya saa mbili Mama Allan alipita kwanza famasi kuuliza nini kipo na nini kimekwisha, maana fungu la wazee huja kwa robo mwaka na magonjwa huja kila siku. Kumwandikia mzee dawa ya bure ambayo haipo, alikuwa akisema, ni kumwalika mtu kwenye shughuli pilau limeshaliwa. Dawa ikikosekana, mzee aliambiwa ukweli kabla hajasimama foleni kwa saa tatu.

Dawa zilimsumbua, lakini umri ulimsumbua zaidi. Wapo kina mama wa mjini waliovuka sitini zamani na hawataki kusikia neno mzee mbele za watu. Hao aliwaita dada, akawaandika kimya kimya. Na wapo wanaume waliopunguza miaka ujanani ili wapate kazi, kisha wakaja dirishani kuidai.

Mmoja wao ni Mzee Idrisa Mbaruku, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Mwaka jana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimziba macho yote mawili, akawa anashona kwa kupapasa. Daktari alisema upasuaji unawezekana, ila lenzi za wagonjwa wa msamaha, yaani wasiolipa, zilizobaki ni chache, na atakayekamilisha karatasi mapema ndiye atakayepata. Karatasi za Mzee Idrisa zilisema ana miaka hamsini na saba. Mwaka 1986 kiwanda cha nguo kilitaka vijana wasiozidi ishirini, naye akiwa na ishirini na nane akajipunguzia miaka tisa. Kiwanda kilifungwa baada ya muda mfupi. Miaka haikurudi.

Kwa mambo kama haya Mama Allan alikuwa na njia yake. Wazee wa pwani wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini hakuna asiyemkumbuka aliyeingia naye jandoni, na wa jando moja huwa rika moja. Siku ya kwanza alipouliza swali hilo kupitia tundu la kioo, yeye, mwanamke wa Kibosho, mzee mmoja alikusanya kanzu yake akaenda kumshtaki kwa Mganga Mfawidhi. Toka siku hiyo swali likawa linaulizwa na Anuari, mlinzi wetu, pembeni, kwa sauti ya chini, na majibu yanaletwa kwenye kikaratasi.

Kikaratasi cha Mzee Idrisa kilikuwa na majina manne. Wawili marehemu, mmoja yuko Tanga. Wa nne, Khalfani, anakaanga samaki sokoni Feri, alizaliwa hospitali, na cheti chake anakitunza kwenye mfuko wa nailoni. Mama Allan alimfuata mwenyewe saa ya chakula cha mchana. Kesho yake Khalfani alikuja ananukia mafuta ya taa na pweza, akajitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeitwa kushuhudia, kisha akamgeukia Mama Allan.

"Andika, mama. Tuliingia mwaka mmoja, na huyu ndiye aliyelia kuliko sote."

"Nililia kwa sababu wewe ulitangulia ukapiga mayowe," alisema Mzee Idrisa, akiangalia upande ambao Khalfani hakuwepo. "Nikajua humo ndani wanachinja."

Foleni nzima ilicheka, hata wa kifua kikuu. Barua ikaandikwa, ustawi wa jamii wakaipitisha, na Mzee Idrisa akazeeka miaka tisa kabla ya adhuhuri. Alipata lenzi. Siku alipofunguliwa bandeji alikuja dirishani, akamtazama Mama Allan kwa muda mrefu, akamwambia, "Kumbe na wewe mtu mzima. Sauti yako ilinidanganya."

Mama Allan, kwa niaba ya wote waliopita mbele ya kioo chako, asante. Hukutuachia kiapo wala kauli mbiu, umetuachia daftari la majina ya walioingia jandoni pamoja, na tutalitumia. Nenda salama kwa wajukuu wako, ulale hadi utakapoamka mwenyewe, na ukija mjini usipange foleni.

Gauni atakalovaa Mama Allan siku ya kuagwa limeshonwa na Mzee Idrisa. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia inchi moja na nusu. Mzee alifanyiwa upasuaji wa jicho moja tu. Lenzi za msamaha ziliishia hapo, na nyingine bado hazijaletwa.