Daftari Nililolipeleka kwa Meneja

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine wote, Mungu awape amani. Mama mchungaji ameniomba nisimame, nami nimesimama, ingawa wanaonijua hapa Pasiansi wanajua kwamba kusema mambo yangu mbele za watu si tabia yangu. Mimi ni mtu wa mashaka. Ukiniletea soda iliyokwisha kufunguliwa, siinywi. Mnacheka, lakini ni kweli.

Kazi yangu ni upishi. Nimezaliwa Nansio, nikaja Mwanza nikiwa msichana, nikapika miaka kumi na minne kwenye hoteli moja ya ufukweni huko Ilemela. Samaki nilikuwa napokea mwenyewe kila asubuhi, kila mmoja namfunua mashavu, mpaka wauzaji wakanichoka. Mume wangu alipofariki nikabaki na mabinti wawili na mshahara ule ule. Ndipo mpishi mwenzangu mmoja wa zamani akanitumia ujumbe kwamba kuna hoteli Uingereza inatafuta wapishi wenye uzoefu, na inadhamini viza ya kazi za ujuzi.

Ndugu zangu, nawaambia, watu wale niliwachunguza. Siku ya usaili kwa video nilimwambia meneja, "Naomba ugeuze simu nione jiko." Akacheka, akageuza. Nikaona majiko, nikaona sufuria zinaning'inia. Barua ya udhamini nikampelekea mwalimu wa Kiingereza, akanisomea neno kwa neno: mpishi. Viza ikatoka, na ilikuwa halali kabisa. Mabinti nikamwachia mdogo wangu. Nilipokwenda kumuaga mama Nansio akaniuliza, "Una uhakika nao, mwanangu?" Nikamjibu, "Mama, hawa nimewakagua nikawamaliza."

Nilipofika Uingereza, jiko lile lilikuwepo kweli. Ila lilikuwa limefungwa.

"Tunalifanyia ukarabati," meneja akaniambia. "Wiki mbili tatu hivi. Kwa sasa utasaidia vyumbani." Aliniona natetemeka kwa baridi, akanipa koti lake la zamani, kisha akaniomba pasipoti anihifadhie ofisini kwenye kasha la chuma. Na mimi, huyu huyu wa soda, nikampa. Lile koti lilinilainisha, nisiwafiche.

Wiki mbili zikawa miezi mitano. Nilitandika vitanda, nikasugua vyoo. Mwiko sikushika. Kila nikiuliza habari za jiko, meneja anasema, "Vumilia kidogo, dada yangu." Ananiita dada, na mimi naridhika.

Sasa, vyumbani nilifanya kazi na mama mmoja Mfilipino, amenizidi umri kidogo. Tulizungumza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Mama huyu alikuwa na daftari dogo kwenye mfuko wa aproni, na kila tukimaliza chumba anaandika. Tena alikuwa na maswali. "Barua yako inasema wewe ni nani?" "Pasipoti yako iko wapi?" Nikajiuliza, huyu ananichimba ili iweje? Meneja naye siku moja akaninong'oneza, "Kuwa mwangalifu na yule. Anawapeleleza wenzake. Aliyekutangulia alirudishwa kwao kwa sababu yake." Basi, nikaacha hata kula naye meza moja.

Kisha siku moja akalisahau daftari kwenye toroli la mashuka. Nikalifungua. Nikakuta jina langu, ukurasa baada ya ukurasa: tarehe, namba za vyumba, saa niliyoanza, saa niliyomaliza. Damu ikanichemka. Sikumuuliza. Nililibeba moja kwa moja hadi ofisini nikamwekea meneja mezani. Akalifunua, akanitazama, akasema, "Umefanya vizuri sana."

Kesho yake asubuhi mama yule alikuwa amefukuzwa. Nilimkuta mlango wa nyuma, begi liko miguuni.

"Ulisoma?" akaniuliza.

"Niliona jina langu."

"Zile ni saa zako. Nilikuwa nakuandikia wewe, kwa sababu wewe huandiki. Akija mtu kukuuliza ulifanya kazi gani hapa, utamwonyesha nini?"

Akabeba begi lake akaondoka. Na ndugu zangu, hata pale sikumwamini. Nilisema moyoni, anajitetea.

Hazikupita siku nne, meneja akaniita. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa tayari, inasema mimi nimefanya kazi jikoni tangu siku niliyofika. "Wakaguzi wa uhamiaji wanakuja," akasema. "Weka sahihi hapa, ni utaratibu tu."

Nikamwambia, "Lakini jikoni sijaingia."

Akatabasamu vile vile kama siku ya koti. "Viza yako imesimama juu ya hoteli hii. Ikianguka, unaanguka nayo."

"Naomba pasipoti yangu."

"Utaipata ukishaweka sahihi."

Nilitoka sijasaini. Nikajifungia kwenye chumba cha mashuka, nikalia, nikaomba. Nisiwadanganye, sikusikia sauti yoyote kutoka juu. Nilichokiona ni uso wa yule mama na begi lake. Mtu mmoja tu katika jengo zima ndiye aliyeniuliza ukweli wangu, na huyo ndiye niliyemchongea.

Wakaguzi walipokuja waliniita kwenye chumba kimoja, mlango ukabaki wazi nusu, na meneja nilimwona amesimama ukumbini. Dada mmoja kati yao akaniuliza, "Kazi yako hapa ni ipi?" Nilijua nikisema jiko, ninabaki. Nikisema vyumba, viza inakwenda, maana ilitolewa kwa mpishi, na wanangu huku wanasoma kwa kazi ile. Mdomo ulinikauka. Nikasema, "Natandika vitanda. Hapa sijapika hata yai. Pasipoti yangu iko ofisini kwa meneja. Na kuna mwenzangu alifukuzwa kwa sababu yangu, alikuwa na daftari." Nikaeleza yote.

Pasipoti nilirudishiwa siku ile ile. Hoteli ikanyang'anywa ruhusa ya kudhamini wafanyakazi, na mimi nikapata barua ya uhamiaji: siku sitini, nipate mwajiri mwingine mwenye ruhusa au nirudi nyumbani.

Nilizunguka hoteli za mji ule wiki tano. Wapi! Mwishowe nikawaomba wenzetu wa vyumbani namba ya yule mama, nikampigia. Nikamwomba msamaha, sikujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini usiniombe tuwe marafiki, sitaweza." Halafu akanitajia hoteli alikopata kazi, mwendo wa saa mbili kwa treni. Mpishi wao mmoja ameondoka, na ruhusa wanayo.

Mnajua nilifanya nini? Nilimshuku tena! Nilikaa na ile anwani siku nzima nikijiuliza, niliyemharibia kazi anipe kazi kwa nini? Ananipeleka shimoni huyu. Nikaenda hivyo hivyo, na mashaka yangu mkobani.

Mpishi mkuu, mzee mmoja mwenye maneno machache, akanipa samaki na muda wa saa moja. Nikapika supu ya kwetu, ndimu na pilipili. Akainywa amesimama, akamaliza, akauliza, "Unaweza kuanza lini?" Nikamwambia nina maswali kwanza: barua itaandikwa kazi gani, nitafanya kazi gani, na nani atakaa na pasipoti yangu. Hilo la mwisho lilimshangaza. "Ni yako," akasema, "nikae nayo mimi ya nini?"

Nikapika pale miaka mitatu, mpaka niliporudi kwa hiari yangu. Yule mama alikuwa ghorofani, mimi jikoni. Tulisalimiana kila siku. Marafiki hatukuwa. Alisema hataweza, nami niliheshimu neno lake.

Namshukuru yeye kwanza, ingawa hayupo hapa kunisikia. Nakushukuru wewe mdogo wangu uliyekaa na wanangu kama umewazaa, na ninyi akina mama mliokuwa mnakwenda kuwaona nikiwa mbali. Na Mungu aliyenipa ulimi siku ile ulipokuwa umekauka.

Vijana mnaotaka kwenda, nendeni. Kazi zipo, na hoteli za haki zipo. Mimi sikukosea kuwa na mashaka. Nilikosea kumpa shaka lote aliyeniuliza maswali, na imani yote aliyenipa koti. Andikeni saa zenu wenyewe. Pasipoti kaeni nayo. Na mwenye barua ya kazi aniletee baada ya ibada, tukae tuisome pamoja. Mkinishuku na mimi, sawa tu. Niulizeni, nitajibu.