Tabibu wa Meno Aliyeona Hatari ya Macho

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Veneranda Kikoti, tabibu wa meno, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi.

Alianzia Chunya, akitibu wachimbaji wa dhahabu waliofika vinywa vimejaa vumbi. Mmoja alisinzia kwenye kiti kabla hajachomwa ganzi. Mama akamwacha alale, akawatibu wengine watatu kwenye benchi. Yule alipoamka aliuliza kama jino limeshatoka.

Mwaka 1998 alihamia hospitali yetu hapa Mbeya. Kisa tunachosimuliana mpaka leo ni cha mwaka 2009. Magesa, mfugaji wa Usangu, alikuja kung'olewa meno mawili yaliyolegea. Fizi zake zilikuwa zimevimba, zinatoa usaha. Mama alipompa kikombe cha maji, mkono wa Magesa ulipita pembeni. Akajaribu tena, ukapita tena. Mama akaweka koleo chini, akamuuliza kuhusu kiu na kukojoa mara kwa mara, kisha akamwambia waende maabara, halafu chumba cha macho.

“Mimi nimekuja kwa ajili ya meno, mama,” Magesa alilalamika.

“Najua, baba. Meno yatakusubiri. Twende.”

Nilikuwa zamu chumba cha macho walipoingia na majibu ya maabara. Sukari ilikuwa juu mno. Daktari Sifaeli, daktari wetu wa macho, akamulika nyuma ya macho ya Magesa. Mishipa midogo ilikuwa inavuja damu. Jicho la kushoto halikuwa na tiba tena. La kulia lingeweza kuokolewa, kama wangewahi. Wiki ile ile Magesa alipewa rufaa, akatibiwa kwa leza.

Wakati huo wengi wetu hatukujua kwamba fizi zikiugua, sukari huwa ngumu kushuka, na sukari ikikaa juu huharibu mishipa ya macho. Mama alikuwa amesoma hilo na kulishika. Alitibu fizi za Magesa miezi minne, naye akimeza dawa zake za kisukari. Sukari ikashuka. Siku moja Magesa akaja kutuambia kwamba ametambua ndama wake kwa madoa, akiwa ng'ambo ya mfereji. Mama alitoka nje, akarudi macho mekundu.

Tangu hapo, kila mgonjwa wa kisukari hospitalini kwetu hukaguliwa kinywa na macho. Miaka kumi na sita imepita na bado nashangaa: mtu aliyeajiriwa kutazama meno aligundua kitu ambacho sisi tuliosomea macho tungekisubiri kije mlangoni, pengine kikiwa kimechelewa.

Sasa anarudi kwao Idodi. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema hajui mtu hukaaje nyumbani asubuhi ya Jumatatu. Utajifunza taratibu, Mama Kikoti. Asante kwa yote uliyotufundisha. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha, wewe na nyumba yako yote.

Pendo Sanga, muuguzi, kitengo cha macho