Nadhiri ya Mechi Tano

Jumatano ya tarehe nane Oktoba ndiyo siku Mzee Raphaeli wa Ihanda alipojiponza. Dada zake walikuwa wakimwandama aoe tena, maana mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Ili wanyamaze, akaapa: "Timu yangu ya kikapu ya Ufilipino ikifungwa mechi tano za mwanzo, naoa!" Msimu uliopita ilikuwa bingwa, naye huitazama mchana akilinda kahawa iliyoanikwa.

Sasa imefungwa nne, na ya tano anaitazama kwenye simu, ndani ya Noah ya kwenda Tunduma.

"Wakubwa ndio wameiua," alimlalamikia mama aliyeketi kando, ambaye alikwisha kumsimulia nadhiri yake. "Wamemuuza yule mrefu, wakaleta wafupi watatu! Wakubwa ni walewale, Manila hata hapa."

Mama akacheka mpaka kitenge kikamlegea. "Usiwasingizie, baba. Wenzio wanakutafutia mke!"

"Hebu nyamaza, tumeachwa pointi mbili, bado dakika moja."

Noah ikasimama stendi, na simu nayo ikaganda. Abiria wakateremka wote, isipokuwa wao wawili.

"Na wakifungwa, baba," mama akauliza, bila haraka yoyote ya kushuka, "utaanzia kumtafuta wapi?"